Kuvuka Mlango wa Magadi

“Selestina, wewe maji unayoyajua ni ya kunywa na ya kupikia makande. Haya ya kuvuka umeyajulia wapi?”

Neema, jirani yake wa kule Rhotia, alimwuliza hivyo alipomkuta anafunga mzigo. Selestina alicheka, akamjibu kwamba atayajulia humo humo. Na sasa, katikati ya Ziwa Eyasi, ndani ya boti iliyozimika, huku maji ya chumvi yakimrukia usoni na kanga ikimpigapiga mgongoni, alikuwa ameanza kuyajua.

Binti yake Antonia aliolewa ng’ambo ya ziwa, chini ya ule ukuta mrefu wa mawe unaoshuka kutoka nyanda za Ngorongoro. Mwaka huu Mungu alimjalia mtoto wa kiume. Padre hufika kigango cha kule kwa nadra, na akishaondoka, watu hungoja hadi mvua zije na ziishe. Antonia alipiga simu, akasema, “Mama, padre anakuja Jumapili. Jina la mtoto unalo wewe, na mimi sikuulizi kwenye simu. Uje ulitamke mwenyewe. Usipofika, habatizwi.” Antonia alikuwa mbishi tangu akiwa mgongoni. Mama yake alijua kwamba hasemi kwa utani.

Njia ya juu, ya kupita geti la Ngorongoro na kuzunguka ukingo wa kreta, mvua zilikuwa zimeikata. Likabaki ziwa. Kwa hiyo Jumamosi asubuhi Selestina alishuka Mang’ola na sufuria mpya ya kumpelekea mwanawe, chupa ndogo ya maji ya baraka na rozari yake shingoni, akamtafuta Modest.

Modest alikuwa kijana wa Karatu mjini. Zamani aliendesha watalii. Wageni walipopungua na ziwa likajaa samaki, akauza vitu vyake akanunua boti ya mbao na mashine kuukuu, akawa anavua kambale na kuvusha watu. Lakini mdomo wa kuongoza wageni hakuuacha. Abiria mwingine siku hiyo alikuwa Ngoyai, mfugaji wa makamo kutoka upande wa Endulen, aliyekuwa anatoka mnadani na kondoo jike mmoja mwenye mkia mnene kama mto wa kulalia.

“Mabibi na mabwana,” Modest alisema visiwa viwili vilipojitokeza mbele, “karibuni Mlango wa Magadi. Kulia kwenu Kisiwa cha Fisi, kushoto kwenu Kisiwa cha Punda. Picha ruksa.”

“Piga wewe,” Ngoyai alimwambia. “Mimi nimeshika kondoo.”

“Zamani hivi havikuwa visiwa, mzee. Vilikuwa vilima, na hapa tulipo palikuwa pakavu, peupe pee. Ziwa hili lina tabia ya kuondoka na kurudi. Likiondoka, panakuwa njia. Likirudi, panakuwa mlango, maji yanapita hapa katikati kama ng’ombe wanaoingia zizini, yanasukumana.”

Selestina aliitikia kwa kichwa. Bibi yake aliwahi kupita hapo kwa miguu. Wanawake wa Kiiraqw waliteremka kutoka milimani na punda wao kuchota magadi kwa ajili ya mifugo, na punda mmoja alilala kando ya kilima kile cha kushoto asiamke tena, jina likabaki.

“Baba yangu alileta ng’ombe hapa walambe chumvi,” Ngoyai alisema. “Alisema wanawake wenu walikuwa wanapita wakiimba, ili wanaume wa Kimaasai wasiwachokoze.”

“Waliimba ili punda wasisinzie,” Selestina alimjibu. “Wanaume wenu hata hawakuwaona.”

Ngoyai alicheka mpaka kondoo akashtuka.

Jua lilipofika utosini, Selestina aliinua macho. Saa sita kamili, kule nyumbani, kengele ya parokia hulia, na mtu mwenye jembe huliweka chini. Alikuwa hajaiacha sala ya Malaika wa Bwana tangu akiwa msichana, si shambani, si msibani, si siku aliyomzika mume wake.

“Modest, zima mashine. Tusali.”

“Mama, tuko mlangoni kabisa. Tusali huku tunaenda.”

“Nitasali na mashine inakohoa hivyo? Zima, mwanangu. Ni kitambo kidogo tu.”

Modest alikuwa amebatizwa, na mama ni mama. Alizima. Ukimya ukatanda juu ya maji. Hata Ngoyai, ambaye sala hiyo haikuwa yake, alisimama kwa heshima, mkono mmoja kwenye kamba ya kondoo. Walisali vizuri. Selestina hakuwahi kuisali sala hiyo mahali pazuri namna ile, ndege aina ya heroe wakiwa wametandaza rangi yao ya waridi pembeni na ukuta wa mawe ukiwa mbele kama altare.

Waliposema Amina, upepo ukaitikia.

Ulishuka kutoka juu ya ukuta na vumbi jeupe, na nyuma ya vumbi ilikuja mvua, imesimama wima. Modest alivuta kamba ya kuwashia. Mashine ikakohoa. Akavuta tena, ikanyamaza.

“Huyo Mungu wenu,” Ngoyai alipaza sauti katika upepo, “hasikii sala mashine ikinguruma?”

“Yeye anasikia, mzee! Mama ndiye hasikii!”

Akavuta kwa nguvu zake zote. Kamba ikakatika, ikamchana kiganja, damu ikatapakaa kwenye ubao. Mawimbi ya Eyasi si marefu, lakini ni mafupi na yana hasira, na yanakuja yamefuatana bila kumpa mtu nafasi ya kuvuta pumzi. Boti iligeuka ubavu. Wimbi la kwanza likaingia, la pili likamzoa kondoo.

“Kondoo yangu!”

Selestina alikuwa karibu. Hakufikiri. Aliinama nje ya boti akashika kitu cha kwanza alichokifikia, na kitu hicho kilikuwa mkia. Ulikuwa umejaa mafuta, unateleza, mzito kama debe la mahindi. Aliuzungushia mikono yote miwili, akakaza magoti kwenye ubao, akamwita Bikira Maria kwa sauti ambayo Rhotia haijawahi kuisikia.

“Usimwachie!” Ngoyai alipiga kelele akimshika yeye kiunoni.

“Nimwachie niende wapi?”

Hivyo ndivyo walivyopita katika Mlango wa Magadi, kondoo ndani ya maji, mwanamke kashika mkia, mwanamume kashika mwanamke, na Modest akipiga kasia kwa mkono mmoja huku damu ikimchuruzika hadi kwenye kiwiko. Mkondo uliwabeba, ukawazungusha, ukawabamiza kwenye miamba ya Kisiwa cha Fisi. Ubao ulipasuka. Walitambaa nje kwa mikono na magoti, na kondoo alikuwa wa kwanza kusimama. Akajikung’uta, akawarushia wote maji.

Modest alipata kiu mapema, kwa kuwa alikuwa amepoteza damu na alikuwa amesema sana. Alichota maji ya ziwa akayaonja, akayatema.

“Sabuni,” alisema. “Sabuni ya unga kabisa.”

“Usiyarudie,” Selestina alimwambia. “Yatakukausha.”

Mvua ilikuwa bado inapita. Selestina aliifungua sufuria mpya, ikiwa bado na karatasi yake ya dukani, akaiweka juu ya jiwe. Ngoyai alitandaza shuka lake juu yake ili likusanye matone, wakalikamua, wakatandaza tena. Mvua ya upepo ni ya ujeuri. Inapiga huku na huku, na nyingi inaanguka pembeni. Ilipokatika, sufuria ilikuwa na maji ya kufunika kiganja. Walikunywa kidogo kidogo kwa zamu, na Ngoyai alimpa kondoo zamu yake bila kumwuliza mtu.

“Mama, ile chupa yako?” Modest alinong’ona.

“Hayo ni maji ya baraka. Hayanywewi kwa kiu.”

“Basi kiu yangu ibarikiwe.”

Selestina alimtazama kiganja. Jeraha lilikuwa na mchanga na magadi, na ukingo wake ulianza kuvimba. Alifungua chupa ile, akaimimina yote juu ya jeraha mpaka likawa safi, akalifunga kwa kipande cha kanga.

“Mtoto atabatizwa kwa maji ya padre,” alisema. “Haya yalikuwa ya mkono wako.”



Ng’ambo ya pili ilionekana. Hilo ndilo lililouma. Waliona mbuzi kama chawa weupe chini ya ukuta, na moshi wa mtu anayepika. Walipunga kanga, wakaita, upepo ukayarudisha maneno yao usoni. Simu ya Modest ilikuwa imekunywa maji mengi kuliko mwenyewe.

“Kwa nini panaitwa Kisiwa cha Fisi?” Selestina aliuliza jua likishuka.

“Kwa sababu ya fisi,” Modest alisema.

“Fisi hawaogelei.”

“Wanaogelea,” Ngoyai alisema, akajinyoosha chali kana kwamba ametoa habari njema.

Walilala wamepeana migongo, kondoo katikati, na fisi hawakuja. Ila upepo uligeuka. Ulianza kuvuma kutoka upande wa Mang’ola, wa baridi, mfululizo, na hata alfajiri ilipofika ulikuwa haujapumzika.

Selestina aliamka wa kwanza. Alifanya ishara ya msalaba, akatazama mlango, akadhani bado anaota. Maji yalikuwa yameondoka. Si yote. Katikati yalibaki madimbwi yanayong’aa, lakini kati ya kisiwa na ng’ambo palikuwa na uwanda wa tope la kijivu, lenye ukoko mweupe hapa na pale, na heroe wakitembea juu yake kwa maringo.

“Amkeni. Njia ya bibi imerudi.”

Modest aliruka. “Haijarudi, mama, imeazimwa! Upepo umeyasukuma maji kusini. Nimewahi kuona hili, nyavu zangu zikabaki juu ya tope. Upepo ukilala, yanarudi, na yanarudi kwa mbio. Tukienda, twende sasa.”

“Na padre?” Selestina alisema, kama anajiuliza mwenyewe. “Padre anaanza misa asubuhi.”

Ngoyai alifunga shuka lake kiunoni, akachukua fimbo. Selestina alijitwika sufuria.

Bibi yake alikuwa akisema kwamba njia ya punda ilikwenda moja kwa moja kuuelekea ule ufa mweusi kwenye ukuta wa mawe. Selestina aliuona ufa, akauelekezea kidole, akatangulia. Mwanzo ardhi ilimbeba. Ukoko ulikatika chini ya miguu yake kwa mlio kama wa bisi, na chini yake palikuwa pagumu. Kisha hapakuwa pagumu tena. Mguu mmoja ulizama hadi gotini. Alipojaribu kuutoa, mwingine ukazama hadi pajani, na tope likamkumbatia, zito, vuguvugu, lenye harufu ya mayai yaliyooza.

“Msinifuate!”

Ngoyai alikuwa tayari amelala kifudifudi, fimbo imenyooshwa mbele. Modest alimshika miguu.

“Lala, mama! Lalia tope kama unalalia kitanda!”

“Kitanda changu hakinuki hivi!”

“Lala!”

Alilala. Alishika fimbo. Walimvuta naye akapiga mateke, tope likakataa, likakataa, kisha likamwachia mguu mmoja na kubaki na kiatu. Sufuria haikuanguka. Aliishika kichwani kwa mkono wa kushoto muda wote ule, na Modest alipoiona akaanza kucheka, akashindwa kuvuta.

“Mnavuta mtu au mnavuta kiazi?” Selestina alifoka. Basi wakacheka wote watatu, wamelala kwenye tope, na kucheka huko ndiko kulikomtoa mguu wa pili.

Ndipo walipomwona kondoo. Hakuwafuata. Alikuwa amesimama nyuma, pua chini, ananusa. Alijaribu mguu mmoja mbele, akaurudisha. Akaenda kushoto, mbali na ufa ule mweusi, hatua zake ndogo zikigonga ukoko, halafu akasimama akawageukia kama anayewauliza wanangoja nini.

“Mrudishe,” Modest alisema.

“Mwache,” Ngoyai alisema. “Hii kondoo haina haraka ya kwenda kanisani. Inataka tu mahali pa kuweka mguu.”

Selestina alitazama ufa wa bibi yake, akatazama mkia ule mnene ukiyumba kuelekea kushoto. Njia yenyewe ilikuwa imehama. Ziwa lilikuwa limeondoka na kurudi mara nyingi tangu siku za punda, likabeba mchanga huku na kuumwaga kule. Akajifunga kanga vizuri.

“Twende na kondoo,” alisema.

Walikwenda kwa mstari, wakikanyaga alipokanyaga. Chini ya miguu yao palikuwa na mgongo wa mchanga mgumu, mwembamba na wa kupindapinda, na pande zote mbili tope lilimeta kama uji uliopoa. Jua lilikuwa limeanza kuwaunguza shingo. Midomo ilipasuka kwa chumvi. Selestina alianza rozari kwa sauti, Modest akaitikia, na Ngoyai, nyuma yao, alimwimbia kondoo kwa Kimaa, wimbo wa kumtuliza mnyama. Sala na wimbo vikachanganyika mpaka hakuna aliyejua nani anamwitikia nani.

Walikuwa wamevuka zaidi ya nusu Selestina alipohisi shavu lake limeacha kupata baridi. Akasimama.

“Upepo umelala,” alisema.

Wote waligeuka kusini. Mbali, heroe walikuwa wanaruka, kundi baada ya kundi, kama mtu anayekunja mkeka wa waridi kuja upande wao. Chini yao palikuwa na mstari mweupe wa povu.

“Mbio!” Modest alipiga kelele.

Lakini kondoo hakukimbia. Alitembea kama anatembea kwenda malishoni, na hapakuwa na njia ya kumpita. Waliyaona maji yakija na wakalazimika kumfuata kwa mwendo wake. Ngoyai alimsihi, Modest alimtukana kwa Kiswahili, kwa Kiiraqw na kwa Kiingereza cha watalii, Selestina alimwombea. Maji yaliwafikia kwenye vifundo, yakapanda magotini. Mgongo wa mchanga haukuonekana tena. Yalipofika kiunoni kondoo alielea, akaanza kuogelea, kichwa juu, na wao wakaenda naye, vidole vya miguu vikitafuta chini, Selestina na sufuria yake kichwani kama anayetoka kisimani.

Halafu kidole chake kikagusa kokoto.

Kokoto! Si tope, si chumvi. Alipiga kigelegele hapo hapo ndani ya maji. Walipanda ufukweni wanaanguka na kuinuka, wakajitupa chini, na nyuma yao mlango ukajaa, ukatulia, ukang’aa kama haujawahi kumdhuru mtu. Chemchemi ilikuwa inatoka chini ya ukuta, ndogo, ya maji matamu. Walikunywa wakiwa wameinama kando ya kondoo, midomo minne kwa mstari, bila zamu na bila aibu.

“Mabibi na mabwana,” Modest alisema alipoweza kusema, “huo ndio mwisho wa ziara yetu.”

“Nauli yako nitakupa ukinirudisha kiatu,” Selestina alimjibu, akasimama. Jua lilikuwa limepanda. “Kanisa liko wapi?”

Ngoyai alielekeza kwa fimbo. Hawakutembea, walikimbia, mwanamke mwenye kiatu kimoja mbele.

Kigango kilikuwa nyumba ya udongo yenye bati jipya. Nyimbo zilikuwa zimekwisha. Padre alikuwa ameshavua mavazi ya misa, na begi lake limefungwa, lakini hakuweza kutoka, kwa sababu Antonia alikuwa amesimama mlangoni na mtoto mikononi, kaziba njia nzima.

“Dakika moja tu, padre.”

“Antonia, binti yangu, umeniomba dakika moja tangu misa ilipokwisha. Maji yale jana yalichafuka. Huenda mama hakuvuka.”

“Amevuka. Humjui mama.”

“Hodi,” Selestina alisema nyuma yake.

Antonia aligeuka. Aliona kiumbe cha kijivu kutoka nywele hadi nyayo, chenye sufuria kichwani na rozari shingoni. Alilia na kucheka kwa pamoja. Olais, mume wake, aliyekuwa amezunguka ufukweni tangu alfajiri na kurudi bila habari, alipiga magoti palepale. Wanawake wakapiga vigelegele mpaka bati likaitika. Padre alifungua begi, akavaa upya.

“Mtoto huyu mnampa jina gani?”

Selestina alimpokea mjukuu wake katika mikono yenye tope. Hakuwa amemwona kabla. Alikuwa na paji la uso pana la babu yake, marehemu, ambaye hakuishi kumwona mjukuu hata mmoja.

“Isaya,” alisema, “jina la babu yake.”

Padre alimimina maji, mara tatu, na mtoto hakulia. Alikodoa macho tu, kama mtu anayepima kina.

Ngoyai alikuwa nje wakati wote huo, amesimama juani na kondoo wake. Hakuna aliyemwita. Sasa aliinama chini ya mlango akaingia, chumvi imemkauka miguuni, akapita katikati ya mabenchi hadi mbele. Alimtazama mtoto kwa muda. Kisha akainama, akamtemea mate kidogo kwenye paji la uso, mate mepesi kama umande, pale pale ambapo maji ya padre yalikuwa hayajakauka, namna wazee wa kwao wanavyombariki anayependwa.

“Engai akukuze,” alisema, akimtaja Mungu kwa Kimaa. “Uzeeke mpaka uongozwe kwa mkono.”

Mabenchi yalishtuka. Mtu mmoja akaguna. Padre aliinua mkono, haikujulikana kama ni wa kuzuia au wa kubariki.

“Amina,” Selestina alisema kwa nguvu, kabla ya mwingine yeyote.

Ngoyai alimtazama. Tabasamu likamjia, pana, likapasua tope lililokauka mashavuni. Alirekebisha shuka lake begani, akachukua fimbo yake, akatoka nje.